Zindiko Lisigeuzwe Kuwa Hukumu

Msomaji wetu wa Chake Chake au wa Mkokotoni ana haki ya kuuliza kwa nini safu hii, ambayo desturi yake ni kuzungumza habari za karafuu, vyombo vya baharini na mabomba ya maji, leo imekwenda mpaka Busi. Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, katika nchi ya Warangi, mbali na bahari na mbali na minazi. Wakazi wa wilaya hiyo hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, hufuga ng'ombe na mbuzi, na walio wengi miongoni mwao huswali kama tunavyoswali huku Visiwani. Kilichotupeleka huko ni hofu. Hofu ya binadamu anayeacha umbo lake usiku na kuvaa la mnyama haijui mpaka wa bahari, na njia zinazotumika kuikabili Kondoa hazipishani sana na zinazotumika Wete au Makunduchi. Katika baadhi ya njia hizo watu hufa. Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza na wananchi, na zaidi na viongozi.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimelifikiri jambo hili zamani kuliko sisi. Kilichotegwa huteguliwa. Kilichofungwa hufunguliwa. Mtu aliyezingwa na uchawi huzinguliwa, kwa maana ya asili ya neno hilo, si ile waliyoizua vijana wa mjini. Ukitazama utaona kwamba wazee hawakusema "kumpiga mrogaji" walipotaka kutaja dawa ya uchawi. Walisema kuurudisha nyuma uchawi wenyewe. Wamakonde wa Mueda, nchini Msumbiji, wanalo neno lao, kupilikula, yaani kupindua, ambalo mtaalamu wa Marekani, Harry West, alilifanya jina la kitabu chake kilichotoka mwaka 2005. Humo ameeleza namna watu wa huko wanavyoamini kwamba kila kupindua kwaweza kupinduliwa tena, na kwamba hakuna anayekuwa na neno la mwisho. Tunaliona hilo kuwa ni onyo, na tutalirudia.

Kinga zenyewe ni za namna namna. Ipo ya kuzuia kabla jambo halijatokea: zindiko la nyumba au la shamba, fingo lililofukiwa mlangoni, hirizi shingoni mwa mtoto. Ipo ya kuondoa lililokwisha kuingia: kombe lililoandikwa kwa zafarani, likaoshwa na kunywewa, kupunga, kuagua. Kuhusu hizi mbili hatuna ugomvi na mtu. Mama wa Busi anayemvalisha mwanawe hirizi hamdhuru jirani yake, wala mzee wa Pemba anayezindika shamba lake la mikarafuu hamwiti mtu yeyote kortini. Kama kinga hiyo inampa usingizi, na alale. Tunaongeza sharti moja tu, kwamba mtoto mwenye homa apelekwe zahanati hirizi ikiwa shingoni.

Namna ya tatu ndiyo iliyotufanya tuchukue kalamu. Hii haizuii wala haiondoi, humtafuta mtu. Huanza kwa ramli na kuishia kwa jina. Mganga akishataja jina, kilichokuwa kinga kimegeuka hukumu, na hukumu hiyo haina wakili, haina shahidi, wala haina rufaa.

Wenyeji wa nyanda za kati wana elimu ya mambo haya iliyo ya kale na yenye adabu kuliko wengi wanavyodhani. Wasandawe, ambao nchi yao ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kondoa kabla ya kuundwa Wilaya ya Chemba, wana ngoma inayoitwa simbo. Eric ten Raa, aliyekaa nao na kuandika habari zao katika miaka ya 1960 na 1970, ameeleza kuwa wachezaji wa simbo hupandwa, wakaiga simba, wakawa kama simba, ili wauzungukie mji na kuukabili uchawi. Msomaji na alipime jambo hili vizuri. Huku kwetu, na kwa majirani wengi wa Wasandawe, anayegeuka mnyama ni mchawi. Kwa Wasandawe kugeuka simba ndiyo kinga yenyewe. Simba wa ngoma huwalinda watu, tena hucheza mbele ya kadamnasi, moto ukiwaka, kila mtu akijua nani ni nani. Asubuhi simba huyo huonekana akichunga mbuzi wake.

Huenda elimu hiyo ni ya kale mno. Katika mapango na miamba ya Kondoa ipo michoro ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Humo wamo watu warefu wembamba, na baadhi yao wana vichwa visivyo vya watu. Wapo wataalamu wanaosema kuwa hao ni watu waliopandwa, katika ngoma za jinsi ya simbo. Wengine hawakubali. Sisi hatuingii katika ubishi wao. Tunatosheka kusema kwamba mpaka leo wazee wa Kolo hupanda mlimani kwenye pango la Mungumi kuomba mvua na kuagua wagonjwa, na kwamba hakuna anayechomewa nyumba kwa sababu ya maombi hayo.

Sasa tutazame upande wa giza. Kati ya mwaka 1946 na 1948, huko Singida, magharibi ya Kondoa, watu walikutwa wamekufa wakiwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Wanyaturu walisema ni mbojo, watu-simba, na kwamba mwenye kummiliki mbojo aliweza kumkodisha kwa mwenye kisasi. Serikali ya kikoloni ilipochunguza iliona mkono wa binadamu, na watu walishtakiwa kwa mauaji. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari hizo mwaka 1950, na mwaka 1962 Harold Schneider, aliyewasoma Wanyaturu kwa karibu, akaandika humo humo akitaka zitazamwe upya. Tunalolichukua sisi ni dogo: imani ya kwamba mtu hugeuka simba ilikuwa pazia zuri kwa muuaji. Kadiri wanakijiji walivyoamini kuwa aliyeua ni mnyama wa uchawi, ndivyo walivyochelewa kuuliza nani alikuwa na ugomvi wa shamba na marehemu.

Kusini zaidi, katika nchi ya Njombe, mambo yalikuwa kinyume. Huko walikuwapo simba wa kweli, walioanza kula watu mnamo miaka ya 1930. Hesabu za waliokufa hupishana kwa kila mwandishi, lakini hakuna anayezitaja kuwa ndogo. Watu waliamini kuwa simba hao walikuwa wa mganga mmoja, Matamula Mangera, aliyevuliwa madaraka yake, na wengi hawakuthubutu hata kuwataja simba kwa jina. Mwaka 1946 na 1947 George Rushby, afisa wa wanyamapori, pamoja na maskauti wake, waliwaua simba 15, na mauaji yakakoma. Yasimuliwa kuwa wananchi hawakumshukuru Rushby. Walisema Mangera amerudishiwa cheo chake, naye amewaita simba wake nyumbani. Singida mtu alijificha nyuma ya simba. Njombe simba alijificha nyuma ya mtu. Katika hali zote mbili uchawi ulimfaa yule anayeua.

Na asidhani msomaji kuwa hayo yamepitwa na wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer na wenzake ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 mpaka 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kuwajeruhi wengine zaidi ya 300, hasa katika mikoa ya kusini na pwani. Sababu mojawapo waliyoitaja haina uchawi hata chembe. Nguruwe pori huharibu mazao. Mkulima hulazimika kulala shambani katika dungu ili awafukuze. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mkulima. Dawa ya simba huyo, kwa hiyo, huanzia kwa nguruwe. Ni dawa ya mitaro, boma na risasi za afisa wa wanyamapori. Ramli haimjui nguruwe.

Hapa ndugu zetu wa Visiwani wasicheke. Mwaka 1995, kuanzia Pemba na baadaye Unguja, tulikuwa na Popobawa. Hapana haja ya kumweleza ni nani. Kila aliyekuwa na akili timamu mwaka ule anakumbuka watu walivyotoka vyumbani mwao wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha. Wazee walisema alikuwa amekuja kwanza mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, na sasa amerudi katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Waliosema alitumwa na chama fulani walikuwapo, na waliosema alitumwa na kile kingine walikuwapo pia. Waganga hawakukosa kazi. Madaktari, kwa upande wao, walieleza habari ya jinamizi: mtu huamka akili ikiwa macho na viungo vikiwa bado vimelala, akahisi uzito kifuani asiweze kupiga kelele. Maelezo hayo hayakusikilizwa na wengi, nasi tunakiri kwamba saa nane za usiku si saa nzuri ya kumsikiliza daktari.

Katika mji wa Unguja, mwaka huo huo, alitokea mtu asiyejulikana mtaani. Watu wakasema ndiye. Wakamwua. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa mgonjwa wa akili kutoka Bara, aliyekuja Unguja kutafuta matibabu. Hatutaji jina lake, na mwaka haupiti bila sisi kumkumbuka. Alikuja kwetu kutafuta dawa, akapewa kinga ya watu wengine dhidi yake.

Kwa nini hirizi haikuua mtu mwaka ule, na mkusanyiko wa watu ukaua? Tumeshatoa jibu hapo juu: hirizi hupambana na uchawi, mkusanyiko hutafuta mchawi. Lakini lipo jambo jingine, na limetujia kutoka mahali ambapo hatukupatarajia.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao vijana wa nchi nyingi wameucheza tangu wakati huo. Wachezaji huketi kuizunguka meza, mmoja akasimulia, wengine wakajitia kuwa mashujaa na wachawi, na kete zikaamua. Wapo wazee watakaokunja uso wakisikia hivyo. Sisi tulitazama kanuni zake kuhusu jambo letu hili la kugeuzwa, tukaona kuwa waliozitunga walikuwa na uadilifu ambao mabaraza mengi ya vijiji yangeweza kuuonea wivu.

Mchawi wa mchezo huo aweza kumgeuza adui yake kuwa mnyama. Anayegeuzwa hupewa nafasi ya kupinga, kwa kete. Mbali na hiyo yapo mawili. Mwenzake aweza kuuvunja uchawi wakati unatamkwa, au aweza kuutangua baada ya kushika. Na kama hapana wa kumsaidia, mnyama akipigwa mpaka nguvu zake zikaisha, binadamu hurudi katika umbo lake. Hayo ni ya kawaida, na bibi yeyote mwenye hadithi za usiku angeweza kuyatunga. Lililotushangaza ni kanuni moja ndogo katika toleo la mwaka 2014. Atakaye kuuvunja uchawi unapotamkwa sharti amwone mrogaji kwa macho yake, akiroga, naye awe umbali usiozidi futi 60. Kama hakumwona, hana ruhusa ya kujibu. Na akijibu, jibu lake hugonga uchawi ule mmoja uliotamkwa, likaishia hapo. Halimfuati mtu nyumbani kwake, halichomi paa lake, wala halimrithi mwanawe.

Watoto wanaocheza kwa kete wamewekewa sharti la kuona. Watu wazima wanaoshika mapanga hawakuwekewa. Tuliuliza katika nafsi zetu: katika mauaji yote ya wazee yaliyoripotiwa kwa sababu ya uchawi, ni wangapi walioonekana, na mtu yeyote, katika futi 60, wakigeuka fisi? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake wazee, na ushahidi dhidi ya wengi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo ni ya mtu aliyepika miaka hamsini juu ya kuni katika jiko lisilo na dirisha. Nyanda za kati husimuliwa kuwa mchawi humpanda fisi usiku. Basi mama mzee akionekana alfajiri njiani, na fisi akiwa amelia usiku, kesi imekwisha.

Na sasa tunawafikia viongozi. Katika mikoa kadhaa ya Bara, ya kati ikiwamo, hupita makundi ya waganga wanaojulikana kwa jina la lambalamba. Hawaingii kijijini kwa siri. Hualikwa. Michango hukusanywa, na mara nyingine wanaoikusanya ni wale wale waliochaguliwa kukusanya michango ya madarasa. Waganga hao huingia nyumba kwa nyumba, hufukua pembe na vichupa, huviweka hadharani, na mwenye nyumba hutazamwa na kijiji kizima. Akiwa na bahati hutozwa faini. Tumesikia watumishi wa umma wakijitetea kwamba wananchi ndio waliotaka. Hapana shaka walitaka. Mwaka 1995 pia wananchi walitaka.

Sheria haikukosekana. Ipo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya mwaka 1928, ambayo ni mzee kuliko wengi wa wanaotuhumiwa. Sheria hiyo humwadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi, na humwadhibu anayemsingizia mwenzake. Lakini humo humo Mkuu wa Wilaya amepewa uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa ahame akakae mahali pengine, ikiwa ameridhika kuwa mtu huyo analeta hofu. Mkoloni aliyeitunga alitaka utulivu, wala hakujali sana utulivu huo umetoka kwa nani. Matokeo yake ni kwamba kijiji kizima kikimchukia bibi mmoja, njia rahisi kwa ofisi ni kumhamisha bibi. Shamba lake hubaki. Tungependa kujua ni mara ngapi aliyelitamani shamba hilo alikuwa miongoni mwa waliolalamika.

Ipo pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, inayotaka waganga waandikishwe. Ni sheria njema, na mganga wa mitishamba anayefuata masharti yake anastahili heshima. Ila haikuwahi kukusudiwa kumpa mtu leseni ya kutaja majina ya wachawi. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga baada ya mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi. Mwaka uliofuata marufuku hayo yakaondolewa. Januari 2015 yakatangazwa mengine. Marufuku ya jumla yana kasoro hii: humwonea mganga wa mizizi asiye na hatia, na lambalamba huyangoja yapoe kama mtu angojaye mvua ipite chini ya mti.

Serikali ikitaka jambo Kondoa, hulifanya. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika milima iliyokuwa imemomonyoka, maelfu kwa maelfu, na majani yakaota tena palipokuwa na makorongo. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, tena wananchi hawakuipenda. Hatuoni kwa nini iliyoweza kuhamisha ng'ombe wote hao ishindwe kuzuia gari moja la waganga watano.

Tunachokiomba hakina gharama kubwa. Uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa uondolewe katika sheria, na badala yake mwenye kutaja majina ndiye aamriwe kuondoka wilayani. Kila kifo kinachodaiwa kuwa cha mnyama wa uchawi kipelekewe mganga wa wilaya na afisa wa wanyamapori kabla ya maziko, ili ijulikane kama ni meno au ni kisu. Singida ingekuwa imejua hayo mapema zaidi. Mzee anayetuhumiwa apate mahali pa kulala kwa usiku ule wa kwanza, maana usiku huo ndio huamua, nayo nyumba ya mwalimu au ofisi ya kata yatosha. Kwa upande wetu wa Visiwani, tunataka masheha nao waagizwe mapema, kabla ya msimu wa uchaguzi, kwamba mgeni asiyejulikana mtaani apelekwe kituoni akiwa hai.

Na lipo la mwisho, linalowahusu maofisa watendaji, kutoka Busi mpaka Micheweni. Kibali cha lambalamba, hata kiwe cha mdomo tu, hutoka kwa mtu. Tunataka mtu huyo ajulikane kwa jina na kwa cheo, aandikwe katika daftari la kata siku wageni wanapoingia, na aulizwe na Mkuu wa Wilaya siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama.